Titi la Kabatini

Titi la kwanza nililotengeneza lilioza siku ya pili. Lilinuka mpaka wodi ya wazazi, na muuguzi wa zamu akaapa kwamba kuna maiti imesahauliwa mahali. Nilikuwa nimetumia mchuzi wa makongoro peke yake, ile miguu ya ng'ombe inayochemshwa mpaka mchuzi wake ukipoa unaganda, na sikuwa nimetia chumvi wala siki. La pili nililitia vyote viwili, likadumu siku kadhaa kwenye jokofu la mafuta ya taa. Hakuna chuo kilichonifundisha kutengeneza titi la mwanamke kwa vitu vinavyoliwa. Nilijifunza kwa pua za wenzangu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, na mjini Dodoma ungeweza kununua redio ya kaseti, viatu vya mtumba na sabuni za kila rangi. Hospitalini kwetu, pamba ilikuwa shida. Nilikuwa daktari pale, mwanamke peke yangu kati ya madaktari wachache. Wagonjwa walikuwa wameanza kuambiwa wachangie gharama, na kuchangia maana yake ilikuwa kuja na glavu zako, uzi wako wa kushonea, na kama umepangwa jioni, hata mafuta ya taa. Niliwaona akina mama wanashuka kutoka Buigiri na vijiji vya mbali zaidi, glavu zimefungwa kwenye pindo la kanga kama vile ni noti.

Wengi walikuja na uvimbe kwenye titi. Ukitaka kujua uvimbe huo ni kitu gani, sharti uchukue kinyama kutoka ndani yake kwa sindano nene yenye makali, ukitie kwenye chupa ya dawa, ukipeleke Dar es Salaam kikatazamwe. Kuchoma si kazi. Kazi ni kuupata uvimbe wenyewe, maana unateleza chini ya ngozi, unakimbia ncha ya sindano, na daktari mgeni wa kazi akitetemeka anaishia kukata mafuta yaliyo pembeni. Halafu majibu yanarudi mazuri, na mama wa watu anarudi shambani kwake na saratani yake.

Sasa niambie, daktari mgeni anajifunzia wapi? Anajifunzia kwa huyo huyo mama. Anajifunzia kwa mkulima ambaye hata Kiswahili chetu cha hospitali kinampita, ambaye ukimchoma vibaya anasema ahsante. Jambo hilo lilinikera tangu nikiwa mwanafunzi. Wenzangu walisema ndivyo udaktari ulivyo. Mimi nilisema ndivyo uvivu ulivyo, na ndiyo maana sikuwa na marafiki wengi.

Basi nikaanza na bakuli. Unachemsha makongoro, unachuja mchuzi, unautia unga kidogo wa mtama ili ndani yake kusionekane. Ukianza kuganda unazamisha zabibu na njugu mawe zilizochemshwa, kila moja mahali pake, nyingine juu juu, nyingine chini kabisa. Ukishaganda unalifunika na glavu iliyochanwa, ndiyo ngozi. Daktari anapapasa, anachoma. Bomba la sindano likivuta maji matamu, amepata zabibu, yaani uvimbe wa maji, ambao hauna neno. Sindano ikitoka na chembe ngumu ya njugu, amepata kile alichokuwa anakitafuta. Ikitoka na mchuzi ulioganda, amekosa, arudie. Arudie hapo mezani, kwenye kitu kisicho na watoto nyumbani.

Zabibu na njugu zote zilitoka kwa shangazi yangu. Alikuwa dada yake baba, mjane, na ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Shamba lake la mizabibu lilikuwa Ipagala, wakati huo Ipagala ikiwa bado ya mashamba na vumbi. Kila nikienda Jumapili alinipa vikapu viwili. "Haya, hizi za kula, na hizi za matiti," alikuwa akisema kwa sauti kubwa ili majirani wasikie, kisha anacheka mpaka anashika kiuno. Siku moja nilimletea bakuli lenyewe alione. Alilipapasa kwa kidole, akakunja uso. "Hili limesimama sana, mwanangu. La mwanamke gani hili, halijanyonyesha hata mtoto mmoja?"

Kwa karibu mwaka mzima kazi ilikwenda vizuri. Madaktari wawili walipata mkono mzuri sana pale mezani. Wakaondoka wote kwenda Botswana, kwenye mishahara inayoeleweka. Sikuwalaumu, au tuseme niliwalaumu nikiwa nimenyamaza.

Kisha wakaja wageni wa kutoka nje, watu wema, wakaliona bakuli langu, wakalipiga picha. Wakafurahi mno. Waliporudi kwao walituletea titi la plastiki. Lilikuwa zuri, siwezi kukataa. Lilikuwa na ngozi laini, limelala kwenye sanduku lake kama mtoto mchanga, na ndani yake kulikuwa na vivimbe vya kila namna vya kuchomwa na kuchomwa tena. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Mkuu wetu wa hospitali alilipokea kwa mikono miwili, tukapigwa picha, wageni wakaenda zao. Kesho yake nilipokwenda kuliomba kwa ajili ya mafunzo, nilikuta limeshawekwa kwenye kabati la vioo ofisini kwake. Nailoni yake haijatolewa. Juu yake kimetandikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni, kama kile ambacho kila nyumba yetu inakitandika juu ya redio na juu ya makochi. Alikuwa ameagiza nyumbani kwa mkewe.

"Daktari, hiki ni kitu cha thamani," aliniambia. "Tukianza kukichoma choma kitatoboka. Wageni wakirudi tutawaonyesha nini?"

"Kimetengenezwa ili kitobolewe, mzee."

"Waje wenyewe watoboe."

Ndivyo tulivyo. Sufuria nzuri inakaa juu ya kabati ikisubiri mgeni, watoto wanapikiwa kwenye sufuria iliyotoboka. Shuka mpya inazeeka sandukuni. Nimekulia humo na sikuwahi kuona ubaya wake mpaka siku ile. Ufunguo wa kabati aliuweka mfukoni mwake, na mfuko huo ulikuwa safarini kila wakati, maana miaka ile ilikuwa miaka ya semina, na semina zilikuwa na posho.

Nikasema si kitu, nitarudi kwenye bakuli langu. Akanikataza. Mwaka ule mvua ziligoma, watu vijijini walikuwa wanakula mizizi, na yeye alinisimamisha mbele ya kikao cha asubuhi akasema kuna madaktari wanaochezea chakula wakati wananchi wana njaa. Tena sasa tuna kifaa cha kisasa, akasema, kwa hiyo atakayeonekana na yale mabakuli ya kienyeji atahamishwa. Nilitamani kumuuliza ni mwananchi gani aliyeshiba kwa zabibu zangu kumi na mbili, lakini mizizi kweli ilikuwa inaliwa.

Mwezi huohuo akaletwa daktari kijana, ametoka chuoni moja kwa moja, mpole, anawaamkia hata wafagiaji. Alikuwa kwenye kipindi cha majaribio, na neno kuhamishwa lilimtisha kuliko ugonjwa wowote.

Shangazi aliniambia wakati wa kupogoa mizabibu. Tulikuwa tunakata matawi, yeye safu moja, mimi safu ya pili, akasema bila kunitazama, "Mwanangu, na mimi nimeota njugu mawe."

Nilidhani anatania, maana alikuwa hatanii nusu nusu. Nikamwangalia. Mkono wake ulikuwa umeshika titi la kushoto, juu ya gauni, kama mtu anayezuia kitu kisidondoke.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua ambazo hazikunyesha."

Nilimwambia twende hospitalini siku hiyohiyo, nimchukue kinyama mwenyewe, kwa kuwa aliyekuwa na mkono wa uhakika pale nilibaki mimi tu. Alikataa. Kwetu shangazi si mama mdogo wala mama mkubwa. Shangazi ni baba, ila amezaliwa mwanamke, na baba yako humvui nguo. "Wewe nimekuogesha," alisema. "Nimekutawaza. Leo nikuvulie nguo nikiwa nimelala, unitazame? Niangalie kwanza usoni uniambie unaweza." Nilimwangalia usoni, nikasema naweza. Akasema, "Basi mimi siwezi."

Nilibembeleza, nikakasirika, nikamtuma mchungaji wake, na mchungaji akarudi akiniambia nimheshimu mzazi. Mwisho alikubali kuchukuliwa kinyama na yule kijana, kwa sharti kwamba nisiingie nyuma ya pazia.

Kwa hiyo uhai wa shangazi yangu ulikuwa juu ya mkono wa mtu ambaye hajawahi kuchoma hata njugu. Nilikwenda ofisini kuliomba titi la plastiki kwa siku moja tu. Karani akaniambia mkuu yupo Arusha kwenye semina, ufunguo anao. Nililiona pale nyuma ya kioo, na kitambaa chake cheupe kimefuliwa na kupigwa pasi. Nilipata wazo la kuvunja kioo. Hata leo nikipita mbele ya kabati lolote la vioo mkono wangu unakumbuka lile wazo. Nikamfuata kijana, nikamwambia aje nyumbani kwangu, nitachemsha makongoro, zabibu hazijaiva lakini njugu zipo, tufanye mazoezi nimefunga milango. Alitazama kwanza kama kuna anayetusikia. Kisha akasema, "Dokta, nisamehe. Wakinihamisha kabla sijathibitishwa kazini nimekwisha. Halafu nimesoma jinsi inavyofanywa. Nimeisoma vizuri."

Alikuwa ameisoma vizuri, sina shaka.

Siku yenyewe nilisimama upande wa pili wa pazia. Nilimsikia akisema, "Shikamoo mama, usiogope," na shangazi akijibu, "Marahaba, anayeogopa ni wewe." Nikasikia sindano inalia ta, kama inavyolia ikikata. Ikalia tena, na tena. Hakupiga kelele. Kijana akatoka na chupa mkononi, jasho linamtiririka, anatabasamu. Niliichukua ile chupa nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Vinyama vyote vilikuwa vinaelea juu ya dawa, vya manjano, vinang'aa. Mafuta ndiyo yanayoelea. Uvimbe unazama.

"Umekata mafuta," nilimwambia. "Rudi ukachukue tena."

Pazia likafunguka, shangazi akatoka ameshafunga vifungo vyote mpaka shingoni. "Harudi mtu," alisema. "Nimechomwa vya kutosha. Pelekeni hicho mlichopata."

Nilimweleza palepale, mbele ya watu, kwamba hawajapata kitu. Aliniambia nipunguze sauti.

Majibu yalikuja baada ya muda mrefu. Mafuta ya kawaida, hakuna saratani. Shangazi alichinja jogoo, akawaita majirani wakasali, akacheza kidogo pale uani, mabega yakitikisika kama msichana. Mimi nilikaa pembeni na sahani yangu. Walipoondoka watu nilianza tena. Nilimwambia walichopima ni mafuta, uvimbe hawajaugusa, uko palepale. Alinitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake.

"Daktari mwenzako amesema mimi mzima. Dar es Salaam wamesema mimi mzima. Wewe tu ndiye unayetaka niwe mgonjwa. Unataka nife ili uonekane ulikuwa unajua?"

Baada ya hapo hatukusema habari hiyo tena, mpaka mavuno ya kwanza ya zabibu yakaja na kupita, na ngozi ya lile titi ikaanza kuvutwa kwa ndani kama nguo iliyoshonwa vibaya. Kwapani zikatokea njugu nyingine. Hapo hakuhitaji tena sindano ya mtu yeyote. Nilimpeleka Dar es Salaam, wakamtazama, wakampiga picha na mifupa, wakakuta ugonjwa umeshafika humo, wakaturudisha Dodoma na dawa za maumivu.

Nilitegemea atamchukia yule kijana. Mimi nilimchukia kwa niaba yake, nilimchukia vizuri sana. Kumbe yeye alikuwa na shauri lake. Zabibu za mavuno ya pili zilipoiva aliniita akasema, "Jumapili mlete huyo mtoto. Chemsha ile supu yako."

Akaja, anatembea kama anapelekwa mahakamani. Shangazi alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, uani, pale kwenye kivuli cha ukuta. Alimwonyesha bakuli. "Kaa. Choma." Kijana akachoma, ikatoka supu. "Umekosa," akasema shangazi. Akachoma, ikatoka supu. "Umekosa. Hapo nimeshakufa mara mbili." Kijana akaanza kulia, machozi yanadondokea kwenye glavu, na shangazi hakumwonea huruma hata kidogo. "Lia, lakini choma."

Alikuja kila Jumapili mpaka zabibu zikaisha shambani. Mwanzoni nilikaa nao nikimwelekeza aushike uvimbe kwa vidole viwili, aukandamize usikimbie, ndipo achome. Baadaye hakunihitaji. Ile Jumapili alipotoa chembe ya njugu kila alipochoma, shangazi alipiga makofi kwa mkono mmoja juu ya paja, kwa kuwa mkono wa pili ulikuwa umevimba haunyanyuki. "Ameweza," akaniambia. "Sasa mimi naweza kuugua kwa amani."

Mimi sikuwa na amani yoyote. Kidonda kilikuwa kimefunguka, na kulikuwa hakuna wa kukisafisha ila mimi. Kila asubuhi kabla ya kazi nilipita Ipagala, nikamfungua vifungo, nikamwosha, nikambadilisha kitambaa. Hakuna pazia. Hakunizuia. Alikuwa anaangalia paa, mimi naangalia kile nilichokatazwa kukiangalia kilipokuwa bado kidogo kama njugu. Nilitaka kumuuliza haya yake imekwenda wapi, na ingekuwaje kama ingekwenda mapema. Maneno hayo sikuyatoa, maana alikuwa anaumia. Bado ninayo. Nilimpenda kuliko mtu yeyote na bado nina hasira naye.

Tulimzika Ipagala, pembeni ya shamba. Mkuu wetu wa hospitali alikuja na gari la hospitali, akaleta rambirambi, akasimama akazungumza vizuri. Alisema haya ni mapenzi ya Mungu, tusitafute wa kumlaumu. Watu wakaitikia.

Yule kijana aliondoka kabla ya mwaka kwisha. Alikuja kuniaga na barua yake ya kazi, naye pia Botswana. Alisema huko kuna vifaa. Nilimtakia heri. Mkono uliofundishwa na shangazi yangu, kwa zabibu zake mwenyewe, uko huko mpaka leo unawapatia akina mama wa watu majibu ya kweli, na nafurahi kwa ajili yao, lakini ni furaha chungu kama mlonge.

Kisha wale wageni wakarudi. Ofisi ikafagiliwa, kabati likafunguliwa, kitambaa kikaondolewa, na mara ya kwanza nikaona nailoni inavuliwa. Mama mmoja wa kigeni alilipapasa lile titi akashangaa, akasema linaonekana jipya kabisa, tunajua kutunza. Mkuu akatabasamu. Akaniita mimi nionyeshe jinsi tunavyofundishia, akaniinamia sikioni kama anayenisalimia.

"Onyesha tu kwa mkono. Usitoboe."

Sindano ilikuwepo, nzuri, mpya, waliileta wao. Niliushika uvimbe kwa vidole viwili, nikaukandamiza, nikachoma. Niliupata mara moja. Nikatoa kile kipande nikakiweka kwenye kiganja cha yule mama, naye akashangilia, wageni wote wakapiga makofi.

Walipoondoka mkuu alifunga mlango. Alinisogezea lile titi karibu na uso, akaweka kidole kwenye kitundu, kidogo mno hata hukioni usipoelekezwa.

"Hiki kitu kilikuwa kizima," alisema. "Nani atawajibika?"